Bili Aliyoiteka Mtani Wangu

Walisema sitamaliza majira mawili ya baridi. Hawakusema kwa kunong'ona. Walisema sebuleni, kwenye maghorofa ya Dixon Road, Toronto, sahani za wali zikiwa mapajani na ndege zikipita juu yetu kwenda kutua, nami nimekaa katikati yao, kwa sababu kwao jambo lenyewe lilikuwa la kuchekwa hadharani. Mtu mweusi wa Tabora, mwenye diploma, si digrii, anatoka kwenye flati na kwenda kununua nyumba ya matofali Weston! "Maganga," aliniambia Seif, mlinzi wa jengo moja la ofisi, mtu wa Lindi asiyejua kusema polepole, "hapa joto linatoka ukutani bila kuombwa, limo ndani ya kodi. Wewe unakwenda kununua baridi yako mwenyewe." Watu wakaangua kicheko. Mwingine akadakia kwamba nafasi ya viatu vyangu pale mlangoni isichukuliwe na mtu, maana nitarudi kuvivua pale pale kabla nyasi za mwaka wa pili hazijaota. Mimi nikacheka nao, nikamaliza wali wangu, na mwisho wa mwezi nikahama. Wapo waliocheka siku ile wenye digrii mbili mbili ambao mpaka leo wanapanga. Nami naandika haya nikiwa Tabora, kwenye nyumba yangu ya pili, yenye paneli za jua juu ya bati nilizozifunga kwa mikono yangu, na hakuna mtu duniani anayeniletea bili ya umeme.

Nisingeukumbuka mwaka ule kwa urefu huu kama Zuhura asingenipigia simu. Zuhura ni binti wa Kondo, amekulia Toronto, na Kiswahili chake kina vituo vingi kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. "Anko Maganga," alisema, "baba amefariki. Tuko Kisarawe. Wazee hapa wanauliza mtani yuko wapi. Wanasema ni lazima awe wewe. Mimi sielewi vizuri, lakini naomba uje." Kondo alikuwa Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Tangu enzi za babu zetu waliobeba mizigo hadi pwani, na Wazaramo wakiwatoza ushuru wa kupita, sisi ni watani: yeye ananiita mpagazi, mimi namwita mpiga ngoma asiye na shamba, kila mmoja anamwita mwenzake mtumwa wangu, akinikuta na kofia nzuri anaiteka, nami naikomboa kwa soda au kwa kuku, wala siruhusiwi kununa. Na mmoja akifa, mwenzake ndiye anayesimama kaburini na kupiga kelele kwamba huyu hazikwi, ana deni langu, mpaka wafiwa watoe chochote huku wanacheka na kulia kwa wakati mmoja. Nilikwenda Kisarawe. Nilikaa mkekani na watu wengine, nikasema poleni, nikatupia udongo wangu. Wazee walinitazama wakingoja. Nilifungua mdomo mara moja tu, nikaufunga. Maneno ya kimila yalikuwa ni yale yale, kwamba marehemu ana deni langu, na mimi sikuweza kuyasema kwa mzaha.

Nyumba ya Weston ilikuwa nusu ya nyumba, kwa kweli, nusu nyingine ni ya mzee wa Kireno aliyepanda nyanya mpaka kwenye ngazi. Jikoni kulikuwa na sakafu ya plastiki ya rangi ya njano iliyokunjuka pembeni, na chini, kwenye besimenti, ilikuwapo fanesi, ile mashine ya gesi inayopasha nyumba nzima joto, kubwa kama kabati la nguo, ikiguruma kama mtu mwenye mafua. Niliipenda. Mke wangu alisema naitembelea kuliko ninavyowatembelea watu. Nilikuwa na diploma ya umeme kutoka chuo cha ufundi nyumbani, na nyingine niliyoisomea Toronto jioni jioni baada ya kazi ya kiwandani, vyeti vyote viwili vikiwa vimetundikwa ukutani juu ya meza ya kulia ili anayekula aone anakula kwa nani. Kwa hiyo watu waliniita Injinia. Walianza kwa kejeli, wakamaliza kwa heshima, na swichi ya mtu ikitoa cheche ni mimi niliyepigiwa.

Kiangazi cha mwaka 2008 bei ya gesi ilikuwa ndiyo mazungumzo ya kila mtu mwenye nyumba. Kampuni ya mabomba ilikuwa ikipanga bei upya kila baada ya miezi mitatu, na kila ilipopanga, ilipanda. Lakini ulikuwa na hiari: ungeweza kubaki na bei hiyo inayocheza, au ungesaini na kampuni nyingine, ya wauzaji, wakufungie bei moja kwa miaka mitano. Gesi ni ile ile, bomba ni lile lile, moto ni ule ule; kinachobadilika ni nani anakupangia bei. Vijana wenye vitambulisho vya kuning'inia shingoni walipita nyumba hadi nyumba wakiomba kuona bili yako. Mimi niliwafungia mlango. Nilimwambia mke wangu kwamba anayekuja mlangoni kwako kukuuzia kinga ya hasara anajua jambo ambalo wewe hulijui. Maneno haya niliyasema mwenyewe, kwa kinywa changu, miezi miwili kabla ya Kondo kuja na kitambulisho cha aina ile ile shingoni.

Alikuja Jumapili mchana, tukila ugali na samaki. Hakugonga. "Mpagazi! Mtumwa wangu! Leo nimekuletea mzigo mwepesi!" Akavuta kiti, akanawa, akala, akamwambia mke wangu, "Shemeji, pole kwa kuolewa na punda, lakini samaki umempatia." Ndipo akaeleza kwamba ameacha kazi ya kusafisha pale uwanja wa ndege, sasa anauza bei, na analipwa kwa kila sahihi. Nilimuuliza bei ikishuka itakuwaje. "Ikishuka?" akasema, akimtoa samaki mwiba. "Wewe umeona nini kinachoshuka Kanada isipokuwa theluji?" Tulicheka mpaka mke wangu akaweka kijiko chini. Nikausoma mkataba, mbele na nyuma, maana mimi si mtu wa kusaini nisichosoma. Bei ilikuwa juu kidogo ya ile ya siku ile, na kuvunja kabla ya miaka mitano kulikuwa na faini kubwa. Yote yalikuwa wazi. Nikamwambia nitafikiri. Hapo akanyoosha mkono, akaichomoa bili yangu ya gesi iliyokuwa imebanwa kwenye mlango wa friji, akaisokomeza chini ya kofia yake, akaikandamiza kwa viganja viwili. "Nimeteka! Ikomboe, mpagazi. Na leo sitaki soda."

Anayesoma haya bila kuwa na mtani ataona huu ni upuuzi. Ningeweza kumnyang'anya. Ningeweza kusema hapana. Lakini kitu kilichotekwa na mtani kinakombolewa, hata baba yangu alikomboa baiskeli yake mara mbili kwa Mzaramo wa Maneromango, na katika nchi ile ambayo hakuna aliyejua babu yangu alikuwa nani, Kondo ndiye mtu pekee aliyenitania kama ninavyotaniwa kwetu. Nikashika kalamu, lakini kwanza nikaacha kucheka, nikamtazama usoni, nikamuuliza swali moja la mtu mzima. "Wewe mwenyewe umesaini?" Naye akaacha kucheka. Nalikumbuka hilo. Akashusha mikono kutoka kwenye kofia. "Nilikuwa wa kwanza. Nitakuuzia wewe kitu nisichokula mimi?" Nikasaini. Akanirudishia bili yangu ikiwa na joto la kichwa chake.

Bei iliendelea kuwa juu kwa muda mfupi tu. Majani yalipoanza kudondoka ikashuka, kisha ikashuka tena, na magazeti yakaandika kwamba uchumi wa dunia umeanguka na gesi imeanguka nao. Yangu haikuanguka. Yangu ilikuwa imefungwa pale juu kama paka aliyepanda mti. Majirani walilipa kidogo kuliko mwaka uliotangulia, mimi nililipa zaidi, na mkopo wa benki wa nyumba haukungoja. Niliteremsha joto. Mke wangu alikuwa akipika chai amevaa koti, mvuke wa sufuria ukimpanda usoni, akisema angalau jikoni kuna joto la kijijini. Kiwandani walipunguza saa za kazi. Kila nilipoandika hundi ya gesi nilimsikia Seif akisema nimenunua baridi yangu mwenyewe. Kama ningekosa kulipa benki miezi michache, ningerudi Dixon, na viatu vyangu vingeonekana na kila mtu pale mlangoni. Hata hivyo sikumlaumu Kondo. Nilijua yeye naye anaumia kama mimi, tena nilimwonea huruma, kwa kuwa yeye alikuwa wa kwanza.

Kisha ikaja Idi Kubwa. Kondo alikuwa anapanga nyumba ndogo ya ghorofa karibu na Kipling, moja ya zile zilizoshikana mstari mmoja, ambapo kila mpangaji anajilipia gesi yake. Alikuwa amealika kila mtu, Waislamu na Wakristo. Nilipoingia niliona kitu kabla sijaona watu: joto. Wanaume walikaa na mashati tu, dirisha moja lilikuwa limefunguliwa kidogo kwa sababu ya pilau. Nikala. Nikasifu. Baadaye nikachukua sinia langu la chakula nilipeleke jikoni, na nikiwa bado ukumbini, nyuma ya makoti yaliyotundikwa, nikasikia wanawake. Mmoja alilalamika kuhusu bili yake. Mke wa Kondo, Mama Zuhura, akamjibu huku akikwangua sufuria, "Sisi tunalipa ile inayocheza. Hatujasaini, shoga. Kondo kanikataza hata kuwafungulia mlango wale vijana. Anasema ile kitu ni ya kuwauzia watu, si ya kuweka nyumbani." Akageuka kuchukua kitambaa, akaniona na sinia langu. Nilimpa sinia, akalipokea, akalishika kifuani muda mrefu bila kuliweka chini.

Nilirudi sebuleni nikasimama mbele ya Kondo. Nilisema kwa sauti ya kawaida. "Uliniambia umesaini." Alikuwa na mnofu mkononi. Akatazama kulia na kushoto, akaona macho ya watu, na tabasamu likamjia pole pole. "Mtumwa wangu! Jamani, mnamsikia mpagazi? Ule si ulikuwa utani?" Watu wakacheka. Walicheka kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Mtani akisema ni utani, jambo limekwisha, na anayenuna ndiye mkosaji. Seif alicheka kuliko wote, akapiga paja. Nikaelewa pale, katikati ya harufu ya pilau na bizari, kwamba mtu huyu alichukua kitu kimoja nilichokuja nacho kutoka kwetu ambacho sikukisomea wala kukinunua, akakitumia kama bisibisi. Kama angekuwa mgeni ningempeleka kwa wanaosimamia bei. Kama angekuwa ndugu ningeitisha kikao. Kwa mtani hakuna pa kushtaki. Nikachukua koti langu.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa ubaya. Baada ya mwaka mpya akaja Mama Furaha, Mkongomani wa Bukavu, aliyekuwa akiwaogesha wazee kwenye nyumba ya kuwatunzia, huku akilea watoto watatu peke yake, si mbali na kwetu. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, na glavu mkononi. "Injinia, mimi sina maneno mingi. Bwana Kondo alikuya kwangu, akaniambia asema weye mwenyewe ulisaini, na weye uko na diplome ya mambo ya umeme. Alinionesha hata jina yako kwa karatasi. Nikasema, kama Injinia amesaini, mimi ni nani? Sasa watoto wanalala na makoti. Nielezee, tafazali, ni wapi sikuelewa." Nilitazama vyeti vyangu juu ya kichwa chake. Kondo alikuwa amevitumia vyeti vyangu. Nilivisomea nikilala saa chache, nikila mkate mkavu ndani ya basi, na yeye alivibeba mfukoni nyumba hadi nyumba kama kitambulisho cha pili. "Hukukosea kuelewa, mama," nikamwambia. "Umedanganywa kwa jina langu. Na jina langu ndilo litakalokutoa."

Wenye busara waliniambia nivunje mkataba wangu na Mama Furaha avunje wake, kila mmoja kwa fedha yake. Sikutaka. Mimi ndiye mtu niliyemaliza diploma mbili bila kukopa senti, na ilibidi nianze kukopa ili nilipe faini mbili, ya kwangu na ya Mama Furaha. Nilikwenda kwanza kwa Bwana Nizar, Mwismailia aliyezaliwa Tabora mjini, mwenye duka la vifaa vya umeme ambako nilifanya kazi Jumamosi. Alinisikiliza akihesabu balbu. "Yaani Mnyamwezi kabisa," akasema, "unakwenda kukomboa kitu kwa Mzaramo bila kunipigia simu?" Akafungua droo. Wa pili ni Seif. Ndiyo, yule yule. Alikuja mwenyewe, amevaa sare yake ya ulinzi, akaniwekea fedha mezani. "Nakukopesha," akasema, "ili ukirudi Dixon nisikose mtu wa kumcheka. Na usiporudi, basi nitakunyamazia." Bado zilipungua. Wa tatu alikuja asubuhi moja theluji ikidondoka, mabega yake yote yamekuwa meupe. Alikuwa Mama Zuhura. Hakuvua koti. Alitoa bahasha. "Shemeji, hii ni zamu yangu ya mchezo wa upatu wa akina mama. Ni zangu, si zake, na yeye hajui." Nilikataa. Akaisukuma. "Nililisema jikoni bila kujua upo. Sasa najua ulisikia. Chukua. Na siku ukilipa, usinipe pembeni. Nipe yeye akiwa amekaa anaona."

Watu hupenda kuniuliza niliwezaje, na mimi hupenda kuwajibu. Niliweza kwa kutolala mchana wa Jumapili hata moja. Nilifunga taa za makanisa mawili na msikiti mmoja, nilibadilisha nyaya za besimenti za watu waliokuwa wanaogopa kuwasha pasi, na kiwanda kiliporudisha saa za kazi nilizichukua zangu na za waliozikataa. Benki haikukosa fedha yake mwezi hata mmoja. Mama Furaha alirudi kwenye bei inayocheza, akaniletea sombe, kisamvu cha kwao, kwa sufuria, akakataa kuirudisha sufuria nyumbani tupu au imejaa. Akasema ibaki kwetu. Kondo nilimwona mara chache, kwenye harusi na kwenye misiba. Kila mara aliniita mpagazi kutoka mbali, na kila mara nilimpungia mkono kama mtu aliyesikia vibaya. Aliendelea kuuza bei mpaka watu wa kuwauzia walipokwisha. Sisemi alikuwa na shetani. Alikuwa na ada ya shule ya Zuhura, alichoka kufagia, na alijua kuchekesha. Lakini nilimuuliza mara moja tu bila kucheka, naye akaacha kucheka akanijibu. Ningemsamehe jibu la kicheko. Lile hapana.

Kiangazi kilichofuata, Jumamosi, nilivaa suruali niliyovaa siku ya kupokea diploma ya pili, nikaingia kwenye gari langu na bahasha tatu. Bwana Nizar alihesabu yake, akanipa balbu ya bure. Seif alikuwa chini ya jengo lake pale Dixon, akapokea, akatazama viatu vyangu, akatazama pembeni. "Haya," akasema. "Nimenyamaza." Kisha nikaenda Kipling. Mama Zuhura alifungua, akaona suruali yangu, akaelewa, akasogea kando. Kondo alikuwa amekaa kwenye sofa na msuli wake, mpira ukiendelea kwenye televisheni. Alinyanyua mikono yote miwili. "Mpagazi! Hatimaye umeleta ushuru!"

Nilivua viatu, nikavipanga. Kondo alinizidi miaka kumi na zaidi, lakini tangu tujuane sikuwahi kumwamkia. Mtani haamkiwi, mtani anatukanwa. Nikasimama mbele yake, mikono mbele, kama nilivyosimama mbele ya wakubwa nilipokuwa mdogo.

"Shikamoo, Bwana Kondo."

"Marahaba," akasema. Neno lilimtoka lenyewe, kama linavyomtoka kila mtu mzima. Halafu akalisikia. Akamgeukia mkewe, akacheka kwa nguvu. "Msikie huyu! Mtumwa wangu ananiamkia!" Akanitazama, amenyanyua kidevu, akingoja nimrushie lake. Sikurusha. Nikampa Mama Zuhura bahasha kwa mikono miwili. "Asante, shemeji. Hesabu, tafadhali." Akaketi kwenye kiti kilichomkabili mumewe, akahesabu noti moja moja juu ya paja lake. Kondo alitazama zile noti, akamtazama mkewe, na nilimwona akifika polepole mahali nilipokuwa nimesimama mimi siku ya Idi, nyuma ya makoti. Mtu alifunga goli kwenye televisheni. Hakuna aliyegeuka.

"Zimetimia," alisema Mama Zuhura.

"Maganga," alisema Kondo. Hakusema mpagazi. Hakusema mtumwa wangu. Alisema jina langu, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba kurudishiwa kofia.

"Naam, Bwana Kondo," nilimjibu, nikavaa viatu vyangu.